Ubongo wa Soli

Simu iliita Mama akiwa anaanika mashuka. Muuguzi wa wodi alitaka kwanza kujua kama ameketi, na hapo Mama akajua. Hakuna anayempigia mtu simu asubuhi kumwulizia habari za kiti. Mwanawe wa kiume alikuwa amelala vizuri, hakuamka. Ni moyo tu, alisema muuguzi. Mama akamshukuru, akaanika shuka lililobaki, akalibana vibanio, ndipo akaketi.

Marehemu alikuwa fundi viatu, na mtaa mzima ulimwita Soli. Kiatu alichokishona yeye kilichakaa juu kabla ya kufumuka chini. Sauti alianza kuzisikia angali shuleni. "Wananisema, Mama," alilalamika, "kama mawifi." Vidonge vilizituliza, lakini vilimnenepesha na kumtetemesha vidole, hata sindano ikawa haioni tundu. Akiviacha apate kushona, sauti zilirudi. Akivimeza zinyamaze, kazi ilimshinda. Nusu ya umri wake aliimaliza hapo katikati.

Dada yake, kitindamimba wa Mama, ndiye aliyeitwa Daktari. Majirani walipomletea watoto wenye homa aliwaambia yeye si wa kutibu, ni wa kutafiti. Shahada ya juu kabisa alikwisha kuipata, ila bado alikuwa maabara kwa mikataba mifupi mifupi, akichunguza kwenye ubongo wa panya ni kitu gani huharibika mtu anapoanza kusikia yasiyokuwepo.

"Huyu atasoma mpaka wajukuu wamsahihishie," jirani mmoja alipenda kusema.

Soli ndiye aliyemtania kupita wote.

"Daktari wa panya, hao wako wanasikia sauti?"

"Wanafanya kama wanaosikia, kaka."

"Umewauliza?"

"Panya atasema nini?"

"Basi nikifa chukueni ubongo wangu. Mimi angalau nilisema."

Walicheka. Lakini alilirudia neno hilo siku nyingine, akili yake imetulia kama maji ya mtungini, mbele ya Mama. Mama akamkemea aache uchuro.

Sasa Daktari alikuwa amekaa jikoni, macho yamevimba, chai imepoa mbele yake.

"Mama, neno la kaka unalikumbuka. Hospitali wanangoja ruhusa yako. Ikipita leo, ubongo hautafaa tena."

"Wewe ndiye utakayempasua?"

"Hapana. Yeye ni ndugu yangu, siruhusiwi. Hata ukija kuchunguzwa, sitaambiwa ni wake."

"Nilimleta duniani mzima. Nimrudishe kwa Mungu amepungua?"

"Uso hautaguswa."

"Sikukuuliza uso, mwanangu."

Mama akaimwaga chai iliyopoa, akammiminia nyingine. Kisha Mama akauliza, "Watauona huo ugonjwa?"

"Hauonekani hivyo. Zinahitajika bongo nyingi, za wagonjwa na za wazima, zilinganishwe. Labda baada ya miaka mingi."

"Na wewe, muda wote huu, umepata nini?"

Daktari alikwaruza ukingo wa meza kwa ukucha. "Nimejua kwamba tulichokuwa tukidhani sicho."

"Na chenyewe ni kipi?"

"Sijui, Mama."

Mama akaingia chumbani, akapiga magoti kando ya kitanda, mahali alipomwombea Soli tangu alipougua. Kunyimwa jibu alikwisha kuzoea. Leo hakuomba muujiza. Alitaka kuambiwa ndiyo au hapana tu. Alisikia pampu ya maji ya jirani ikinguruma, basi. Akainuka kwa kushika godoro.

Alipotoka alisema wauchukue. Hakuwa ameridhika. Soli maisha yake yote alipuuzwa, kila alilosema likaitwa ugonjwa. Mama aliona hili moja lisikilizwe, hata kama halitamfaa mtu.

Walimzika kesho yake. Uso ulikuwa wake kweli, umetulia, na kitambaa cheupe kimezungushwa kichwani kutoka kwenye paji hadi kisogoni. Mama alikuwa ameombwa asikinyanyue kichwa. Akaingiza kiganja chini yake, akakinyanyua. Kilikuwa chepesi. Akakilaza tena, akaipangusa mikono kwenye kanga, na wala hakumwambia mtu.

Kaburini alimsogelea binti yake. "Ubongo umefika?"

"Umefika, Mama. Wameugandisha."

Kiongozi wa sala akamwomba Mungu ampokee mja wake. Watu wakaitikia amina. Mama alibaki akitazama jeneza upande wa kichwa. Jeneza likashushwa kwa kamba. Alitupa udongo, Daktari naye akatupa, kisha mafundi wenzake Soli wakashika makoleo. Kaburi lilipojaa, watu wakamshika Mama mkono mmoja mmoja, wakaenda zao.