Viatu vya Mwalimu Ndani ya Begi Langu

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nakubali. Chekeni kwa mkupuo, tuendelee.

Niliiba viatu vya mwalimu wangu. Mlangoni pa nyumba ya ibada. Mchana kweupe, mahujaji wanapita na macho yao mawili mawili.

Nisikilizeni kwanza, ndipo mnipige mawe.

Nilikuwa mwanafunzi ugenini, kwenye mji ambao watu hutoka mbali kuja kuomba dua. Chumba kimoja, vitanda viwili, dirisha linalotazama ukuta. Kitanda cha pili alilala Msumari, mwenzangu tuliyetoka naye nyumbani kwa ndege moja. Mwembamba, kichwa kikubwa. Jina lilijileta lenyewe.

Mitihani yote niliongoza mimi.

Msumari alikuwa... tuseme alikuwepo.

Sasa, mwalimu wetu mkuu alikuwa mzee mwenye macho hafifu. Kila baada ya ibada ya mchana, mwanafunzi mmoja humtolea viatu rafuni, akamwekea miguuni, kisha akamsindikiza mpaka kwake. Robo saa nzima, wewe na yeye tu.

Sisi wote tuliamini neno moja: anayebeba viatu ndiye atakayebakizwa chuoni kuwa mwalimu msaidizi. Kwa sisi wageni nafasi ilikuwa moja. Na mama yangu alishautangazia mtaa mzima kwamba ni yangu.

Viatu akapewa Msumari.

Nikiwaona wanaondoka, mkono wa mzee begani kwa Msumari, wanaongea, wanacheka, hata chakula hakishuki.

"Mnaongea nini huko njiani?" nilimuuliza siku moja, nikijitia sijali.

"Ya kawaida tu, ndugu yangu."

"Ya kawaida mpaka unacheka vile?"

"We vipi? Ulitaka nilie?"

Ya kawaida! Nikasema hapa kuna kujikomba, tena kwa kiwango cha juu.

Basi siku moja mahujaji wakafurika. Rafu zimejaa, viatu vimemwagika mpaka kwenye ngazi. Nikatoka ibadani kabla ya watu, nikachomoa viatu vya mzee, vya kahawia, kisigino cha kulia kimelika. Nikavisokomeza kwenye begi, juu ya pakiti ya sabuni ya unga niliyonunua asubuhi.

Nikajibanza nyuma ya nguzo, nisubiri Msumari aumbuke.

Alitafuta. Akapiga magoti, akapekua rafu baada ya rafu, jasho linamchuruzika. Mzee kasimama na soksi zake, anangoja.

Mara jamaa akachukua viatu vyake mwenyewe, akamvisha mzee. Wakaondoka, Msumari peku juu ya mawe yanayochoma kama kikaango.

Mwenye akili angeishia hapo. Mimi nikaona bahati imenipigia hodi: niwahi kwa mzee, niseme nimevipata, niwe shujaa!

Niliwakuta sebuleni kwa mzee. Msumari kaloweka miguu kwenye beseni, nyayo zimejaa malengelenge.

"Mwalimu, nimevipata! Vilikuwa rafu ya mwisho kabisa!"

Mzee akavipokea. Akavipapasa. Akavinusa.

Akapiga chafya.

"Siku hizi rafu zinafuliwa?"

Nikatazama. Pakiti ilikuwa imepasuka. Viatu vya kahawia vimekuwa vyeupe pe.

Aibu ilitosha kuniziba mdomo, lakini wivu ukishapanda hauna breki.

"Kwa nini yeye kila siku, mwalimu? Wa kwanza darasani ni mimi! Huyu anajikomba tu kwako, na wewe..."

"Nimefeli mitihani miwili."

Alikuwa Msumari. Hakuinua kichwa.

"Karatasi nazificha chini ya godoro. Njia nzima mwalimu ananirudishia somo la asubuhi, neno kwa neno. Nikikosea tunacheka, tunaanza upya. Viatu ni kisingizio, ili nyinyi msijue."

Tulilala chumba kimoja mwaka mzima. Sikujua.

Nilitamani lile beseni linimeze.

Mzee akanyoosha mkono mezani, akapapasa mpaka akaipata bahasha.

"Barua ya mwalimu msaidizi niliiandika juzi," aliniambia mimi. "Jina lililomo ni lako."

Wewe unayenisoma, ukimwona mwenzako kawekewa mkono begani, usikimbilie kununa. Huenda mkono huo ndio unaomzuia asianguke. Mimi somo hili nililipata nikiwa nimechelewa kama nusu saa hivi.

Niliomba radhi. Kwa mzee, kisha kwa Msumari, ambaye alinisogezea tu taulo nimshikie.

Lakini tamaa nayo haina haya. Macho yangu hayakubanduka kwenye ile bahasha.

"Mwalimu, nimekosa, sikatai. Ila nafasi si ni ya anayejua zaidi? Na anayejua zaidi si bado ni mimi?"

Mzee akaichana barua vipande viwili, taratibu, kama mtu anayekunja leso.

"Nafasi hii ni ya kuwabeba wanaochechemea, mwanangu. Wewe umeanza kwa kuwavua viatu."