Nchagwa na Sufuria ya Kichri

Pale kijijini Kemambo hakuna aliyewahi kumwona Nchagwa ameshika mwiko. Alikuwa mtu wa ng'ombe na shamba, na jiko la mkewe Beatrice alilijua kwa moshi wake tu. Basi siku alipoonekana ameinama kwenye mafiga akipuliza moto, habari ilifika kisimani kabla ya wachota maji.

Chanzo kilikuwa ugonjwa. Beatrice alifanyiwa upasuaji wa tumbo mjini, akarudi amekonda, chakula hakipiti. Wake wa shemeji zake walikuja kumpikia ugali wa mtama na mchuzi wa nyama. Akionja tu, anatapika. Mwishowe akamwambia mumewe kwamba kitu pekee anachokitamani ni ule wali wa manjano uliochanganywa na choroko. Enzi wakiishi Musoma, Nchagwa akilinda duka la familia ya Kihindi, mama wa nyumba ile alimletea Beatrice sahani ya wali huo alipojifungua. Ladha yake haikumtoka.

Nchagwa aliwaomba wanawake wa ukoo. Wakajibu kwamba vyakula vya Wahindi hawavijui wala hawana haja ya kuvijua. Akaenda zahanati kwa Theodosia, nesi aliyehamishiwa pale, ambaye alikulia Musoma jirani na Wahindi.

"Kinaitwa kichri," nesi akamwambia.

Nchagwa akamkodolea macho. Alisikia kichuri, na kichuri anachokijua Mkurya ni ule mchuzi mchungu utokao tumboni mwa ng'ombe, wa kuchovyea nyama choma. Theodosia alicheka mpaka akatafuta kiti, kisha akaahidi kuja Jumamosi kumfundisha.

Akamfundisha kuloweka choroko na kuzifikicha maganda, kuzichemsha na mchele na manjano mpaka ziwe rojorojo, halafu kukaanga binzari nyembamba kwenye samli na kuimimina juu. Nchagwa aliunguza binzari, sufuria nzima ikawa chungu. Wakamwaga. Ya pili ilizidi chumvi. Alikuwa anakoroga ya tatu, machozi yanamtoka kwa moshi, alipoingia kaka yake mkubwa, Mogesi, na wazee wawili wa rika lake.

Nchagwa aliwasalimu kwa heshima ila hakuinuka. Mogesi hakumtazama nesi. Alisema kwamba watu wanawacheka, kwamba tangu babu yao hakuna mwanamume wa boma lile aliyekaa kwenye mafiga, na kwamba asiyejua mahali pake hana sababu ya kuitwa penye pombe ya wazee.

"Mura," akamwita, kama Wakurya wanavyomwita kijana, "weka mwiko chini utoke."

"Siweki," Nchagwa akasema. "Wezi wa ng'ombe walipokuja nilitoka na upinde, mkaniita mwanamume. Huyu aliyenizalia watoto akifa kwa njaa mbele yangu, mtaniita nani? Msiniite kwenye pombe yenu. Hapa sitoki."

Nchagwa akageukia moto, kwa sababu binzari ilikuwa imeanza kupasuka, naye hakutaka kuiunguza tena. Mogesi na wazee wakaondoka.

Beatrice alikula vijiko vichache, akalala. Havikurudi. Kesho yake akaomba tena.

Kweli Nchagwa hakuitwa tena penye pombe. Kwenye vikao vya kijiji alikaa mwisho wa benchi, na vijana walimwita Mama Nchagwa akiwa amewapa kisogo. Ilimuuma, maana Mogesi ndiye aliyemfundisha kuchunga. Lakini hakuacha. Theodosia akamfundisha mchuzi wa dengu, kisha bajia, kisha chapati, ambazo kwake zilitoka na pembe. Beatrice alipopata nguvu alidai jiko lake. Wakagombana kweli, mpaka wakakubaliana Jumamosi ni ya mume.

Mwaka uliofuata Mogesi alimwoza mwanawe. Nchagwa hakuambiwa siku. Alijua tu kwa kuona ng'ombe wanachinjwa. Akavaa koti lake, akajaza beseni bajia na chatine ya ukwaju, akapita nalo katikati ya wageni mchana kweupe, Beatrice nyuma yake. Akaliweka mbele ya wazee.

"Nimepika mwenyewe," akasema, akavuta kiti akaketi.

Mogesi aligeuza uso, na siku ile hakuonja. Mzee mmoja alichukua bajia, akatafuna polepole, akachukua nyingine. Nchagwa hakumshukuru. Alijipakulia nyama ya harusi, akala.