Tuta la Chini

Mama Majivu hakuwa mchoyo, ila kwa tuta moja uchoyo wake ulipita kiasi, na mimi jirani yake nilimnunia kwa ajili hiyo. Shamba lake lilikuwa nyuma ya karakana ya betri za magari, matuta yakiteremka taratibu hadi kwenye mtaro. Mchicha wa matuta ya juu alituuzia sote. Ule wa tuta la chini, wenye majani mapana kuliko kiganja changu, ulikuwa wa nyumbani tu: wa binti yake, fundi cherehani mwenye mimba ya pili, na wa mjukuu wake wa kiume, ambaye yeye bibi alimwita kwa utani "mume wangu".

"Mume wangu hali mboga za kuuza," aliniambia nilipombembeleza anikatie japo fungu moja. Niliondoka nimevuta mdomo.

Tuta lenyewe alilitolea jasho. Mwanzoni kila alichopanda pale kiliungua kingo kikafa, kwa sababu mafundi walimwaga maji ya betri mtaroni, na mvua ikinyesha yalifurika hadi kwake. Mwingine angenyoosha mikono. Yeye alizunguka majikoni mwetu akiomba majivu, jina likamganda hapohapo, akayachanganya na samadi msimu baada ya msimu mpaka mchicha ukashika. Kiangazi, matuta ya juu yakisinyaa, la chini lilibaki bichi kwa unyevu wa mtaro. Alitembea kwa maringo, na kusema kweli alistahili.

Kisha mjukuu akaanza kulia tumbo. Alikuwa mtoto wa vurugu, mwenye maneno kuliko umri wake, akawa wa kukaa kitako na kutazama ukuta. Maneno aliyokwisha kuyajua yakampotea. Bibi yake alisema ni minyoo, mimi nikasema ni meno, kila mtu mtaani akawa daktari. Daktari mwenyewe alipompima damu alikuta madini ya risasi, yale yanayokaa ndani ya betri, tena mengi kwa mtoto mdogo hivyo. Akauliza anakula nini na anacheza wapi, halafu akamtuma mtaalamu wa udongo aende shambani.

Mama Majivu alimpokea mtaalamu kwa furaha. Moyoni alikwisha kuamua kwamba mkosaji ni biskuti za dukani. Alimpitisha tuta kwa tuta, na alipofika la chini akamwambia achukue udongo mwingi zaidi wa kupima, aone ulivyo na afya.

Mtaalamu aliporudi na majibu nilikuwepo, nimekuja kununua mboga. Aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa akaeleza polepole, kijana mwenye adabu zake. Matuta ya juu yasivunwe kwanza mpaka yapimwe tena. La chini lisilimwe kabisa, na mtoto asikanyage pale.

"Lakini mchicha unastawi," Mama Majivu alisema. "Umeuona mwenyewe."

"Majivu yalikata ukali wa asidi, mama. Ndiyo maana haukuungua tena. Risasi haitolewi na majivu. Imo kwenye udongo, imo kwenye majani."

"Mimi naosha. Naosha kwa maji ya chumvi."

"Vumbi la nje litatoka. Risasi iliyoingia ndani ya jani haitoki."

Niliona aibu kuwa na kikapu mkononi. Yale majani niliyoyalilia na kuyanunia, Mungu aliniepusha nayo kwa mkono wa mtu niliyemwita mchoyo, na sikuweza kushukuru mbele yake. Shukrani hiyo ingekuwa tusi.

Mtaalamu alipoondoka nilimsindikiza Mama Majivu nyumbani. Njia nzima alizungumza habari za mjukuu tu: daktari alisema kuna dawa, mtoto ni mdogo bado, huenda maneno yakarudi. Nami nikaitikia, ndiyo, yatarudi.

Tulimkuta binti mezani anakula, cherehani ameifunika. Mama yake alikuwa amemwongezea mboga tangu mimba ilipoingia, maana kliniki walisisitiza majani ya kijani yaongeze damu. Sahani ilikuwa karibu kwisha. Mama Majivu alisimama mlangoni akaitazama ile sahani, na nikaona uso wake ukibadilika.

"Mwanangu, acha kula," alisema. "Kesho twende nawe ukapimwe damu."

"Mimi? Mimi siumwi, mama."

Mama Majivu alikuwa anatazama tumbo. Binti akafuata macho ya mama yake, akaiona mboga iliyobaki, akasukuma sahani mbali kwa mikono miwili.

"Huyu naye?" aliuliza.

"Sijui," mama yake alisema. "Mimi ndiye niliyewachagulia."