Watu watano, namba moja ya simu

Jamani, leo nimeambiwa foleni ya upasuaji wa macho imepungua. Waliopunguzwa ni sisi.

Huku kwetu Bugwema, mwenye simu kwenye majirani ni mimi. Wazee wakienda kujiandikisha hospitali wanatoaga namba yangu. Mwaka jana niliwapeleka watano wenye mtoto wa jicho, mama akiwemo. Wote namba moja.

Leo nimerudi Musoma na mama kuulizia zamu yake. Nimemkalisha kwenye benchi, nikaenda dirishani.

Dada wa mapokezi kaangalia kompyuta. Mama hayumo.

"Tumesafisha orodha, kaka. Namba ikijirudia tunabakiza jina la kwanza, mengine tunafuta. Watu walikuwa wanajiandikisha mara mbilimbili."

Kasema kwa upole tu. Hata hasira sikupata.

"Dada, hao ni watu watano. Simu ndiyo moja."

Kaangalia tena kompyuta. "Basi uwaandikishe upya."

Upya maana yake mwisho wa foleni.

Nikauliza, aliyebaki nani? Akanisomea: Bibi Nyangeta, jirani yetu. Kapangiwa Jumatatu, aje na mtu wa kumshika mkono.

Bibi Nyangeta tulimzika kabla ya kuvuna pamba.

Nikarudi kwenye benchi, nikakaa. Mama kanipapasa mkono, kahakikisha ni mimi.

"Wamesema lini?"

Nyie mngemjibu nini? Niandikieni haraka. Bado tumekaa hapa, na ameshauliza mara ya pili.