Maneno Niliyomnyima Ata

Jirani yangu hapa Lodwar ana mazoea ya kuchoma majani makavu ya mwarobaini jioni ili kufukuza mbu. Moshi wake si mwingi. Hupita chini ya mlango wangu, mchungu, mzito kidogo, na kila unapoingia mimi huacha ninachokifanya. Si kwamba mwarobaini una harufu ile hasa. Harufu ile ilikuwa na utamu fulani nyuma ya uchungu, kama majani ya chai yaliyoungua sufuriani. Lakini inatosha. Inanirudisha Kakuma, kwenye nyumba yetu ya mabati, nikiwa na miaka kumi na mmoja, nimepiga magoti kando ya mkeka wa bibi yangu. Mwanamke wa Kichina ameshika majani makavu yaliyosokotwa kama sigara nene, na anauzungusha moto wake karibu na goti la bibi bila kuigusa ngozi.

Watu ninaowasimulia habari hii hutaka kusikia kuhusu sindano. Nyinyi nitawaeleza na lile jambo jingine.

Ata, kama sisi Waturkana tunavyomwita bibi, alikuwa mama yake mama yangu. Alichunga mbuzi upande wa Kaaleng tangu utotoni, na aliletwa kwetu baada ya asubuhi moja kushindwa kuinuka kutoka kwenye ngozi aliyolalia. Upande wake wote wa kulia ulikuwa umepooza. Watu wa nyumbani walifanya walichojua: mwaguzi alitaja rangi ya mbuzi, mbuzi akatafutwa, akachinjwa, na Ata akapakwa majani yaliyosagika ya tumboni mwake kuanzia kifuani hadi nyayoni. Hospitalini wakasema ni kiharusi kilicholetwa na presha. Wakampa vidonge vya aina mbili, avimeze kila asubuhi maisha yake yote. Hilo la maisha yake yote ndilo lililomuudhi.

"Dawa isiyoisha," aliniambia, "ni kama mgeni asiyeaga."

Hakuwa mtu wa kulalamika. Alikuwa na maneno machache na tumbaku yake, na alijua kutema mate mbali kuliko mwanamume yeyote wa mtaa wetu. Lakini kidonge kimoja kati ya vile viwili kilimpeleka haja ndogo mara tano au sita kabla ya saa sita mchana, na hakuweza kwenda peke yake. Mama alitoka alfajiri kwenda kazini, kwa hiyo mtu wa kumshika alikuwa mimi. Shule haikuwa mbali. Kila mapumziko nilitoka mbio, nikamwinua, nikamkokota hadi nyuma ya ua wa miiba, nikamrudisha, kisha nikakimbia tena darasani huku wenzangu wakinicheka. Kule nyuma ya ua alikuwa akigeuza uso, nami nikigeuza wangu. Tulitembea hivyo kama watu waliokosana.

Wakati huo barabara ya lami ilikuwa inajengwa kutoka Lodwar kuja kwetu, na Mama alikuwa mpishi katika kambi ya wajenzi. Kambi ilikuwa na daktari wake, mwanamke wa Kichina wa makamo aliyevaa kofia pana, ambaye wafanyakazi walimwita Daktari Lin. Kwao alisomea tiba zote mbili, ile ya vidonge na vipimo na ile ya sindano na mitishamba, na hakuona sababu ya moja kuifukuza nyingine. Mama alipomweleza habari za Ata, alisema angekuja Jumapili, siku yake ya kupumzika.

Alikuja mchana na pikapu ya kambi, Mama akiwa jikoni kambini, kwa maana wajenzi walikula hata Jumapili. Kiswahili chake alikuwa amefundishwa na madereva wa malori. Akavua kofia, akainama mbele ya mwanamke aliyeweza kuwa mama yake, akasema kwa sauti ya upole kabisa, "Niaje, mathe?"

Ata akanitazama. Hakujua Kiswahili isipokuwa maneno mawili matatu ya sokoni.

"Anakusalimu kwa heshima, Ata," nikasema kwa Kiturkana.

"Ejok," akajibu Ata, ameridhika.

Huo ulikuwa mwanzo wa mimi kutengeneza maneno ya watu. Nilijiona mkubwa. Wanawake wawili wazima hawakuweza kuambiana hata neno la maji bila kupitia kinywani mwangu.

Daktari Lin alianza kwa kumfunga Ata kile kitambaa cha kupimia presha, akaandika tarakimu katika daftari, akaomba kuona vidonge. Alivisoma, akavirudisha katika kopo la siagi tulimoviweka, akaligonga kifuniko kwa kidole. "Hii mzuri," alisema. Ndipo akatoa sindano. Zilikuwa nyembamba kama unywele wa mwanambuzi, na alizichomeka mkononi, mguuni, na moja karibu na sikio, kisha akawasha yale majani yake yaliyosokotwa karibu na goti. Nilifumba macho. Ata hakupepesa.

"Mwambie miiba ya Kaaleng ni mikubwa kuliko hii," akasema.

Nilimwambia, na Daktari Lin akacheka akifunika mdomo.

Alikuja Jumapili baada ya Jumapili. Kati ya ziara zake alitaka Ata afinye kitambaa kilichofungwa kama mpira, na mimi nilihesabu. Wiki ya tano, kidole gumba kilisogea. Wiki ya nane, Ata alikishika kikombe cha chai kwa mkono wa kulia, akakiinua, akamwaga nusu kifuani, na hakukubali mtu ampanguse. Majirani walianza kuja kutazama. Mmoja alisema ni sindano, mwingine akasema ni yule mbuzi, wa tatu, mama wa kanisani, akasema ni maombi. Vidonge havikuwa na mtu wa kuvitetea.

Jumapili hiyo ya kikombe Daktari Lin alifurahi, lakini alipopima presha alikunja uso. Ata alikuwa ameruka siku mbili bila kumeza, akidai amesahau. Daktari akanigeukia mimi, akasema polepole, akikata kila neno:

"Sindano yangu ya mkono. Sindano yangu ya mguu. Presha, hapana. Presha ni dawa ya hospitali. Kila siku hospitali amesema, kila siku kunywa. Akiacha, anaanguka tena. Mwambie yote."

Ata alikuwa ananitazama. Kikombe kilikuwa bado mkononi mwake.

"Amesema nini?"

Nilifikiria njia ya nyuma ya ua. Niliona uso wake ulivyogeuka asubuhi ile. Niliwaona na wenzangu wakipiga mluzi kila nilipotoka mbio. Siwezi kuwaambia kipi kati ya hivyo kilikuwa kizito zaidi.

"Anasema mkono unapona," nikasema. "Anasema umefanya vizuri."

Ata akakiweka kikombe chini. "Basi sindano zinatosha," akasema.

Hakulisema kama swali, na mimi sikumsahihisha. Daktari Lin akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akidhani amesikika.

Kuanzia kesho yake kopo la siagi halikufunguliwa. Mapumziko nilicheza na wenzangu. Mama aliporudi jioni akiuliza kwa Kiswahili alichozoea kambini, "Amemeza?" nilisema ndiyo, na Ata, ambaye aliijua sauti ya swali hilo hata kama hakulielewa, alikuwa akitazama mlangoni. Jumapili mbili zilizofuata Daktari Lin hakuja kwa sababu kazi ilikuwa imesogea upande wa Lokichoggio. Nilishukuru.

Jumamosi ya tatu, asubuhi, Ata alikuwa ameketi kivulini akitunga shanga kwa mkono wake wa kulia. Nilisikia shanga zikimwagika. Nilipogeuka alikuwa ameinamia upande ule ule wa zamani, jicho moja liko wazi, na sauti iliyomtoka haikuwa ya mtu ninayemjua.

Nilikimbia hadi kambini bila viatu. Daktari Lin alikuwa amerudi usiku wa kuamkia siku hiyo. Yeye na Mama walimlaza Ata nyuma ya pikapu, juu ya godoro, na tukaelekea Lodwar. Mahali palipokuwa na lami gari liliteleza kama maji, na palipokuwa bado tuliingia kwenye vumbi la njia ya kando, kila shimo likimrusha Ata. Mama alimshika kichwa. Daktari Lin alimshika mkono.

"Dawa alikunywa?" aliniuliza.

Nilitazama vumbi.

Hospitalini tulipokelewa na daktari kijana aliyetoka Bungoma, mwenye macho ya mtu ambaye hajalala. Walimkimbiza Ata ndani. Baada ya muda mrefu daktari yule alitoka akiwa ameshika karatasi, akamwuliza Mama kama mgonjwa alikuwa akimeza dawa za presha. Mama akasema kila siku. Daktari akasema haiwezekani, kwa presha aliyoikuta. Ndipo akauona mkoba wa Daktari Lin na zile sindano kwenye kisanduku chake.

"Ni hizi," akasema. Hakupaza sauti. "Kila mwezi naletewa mtu aliyeambiwa aache dawa kwa sababu ya majani, au maombi, au sindano. Madam, wewe ni daktari. Mbona umemwambia aache?"

Daktari Lin alielewa, kama si maneno yote, basi uso. Akalitoa daftari, akalifungua. "Mimi nilisema," akasema. "Kila siku kunywa. Mimi nilisema."

Kisha akanitazama. Hakunitazama kwa hasira, na hilo ndilo lililonivunja. Alinitazama kama mtu anayetafuta mkalimani wake.

Nilikuwa nimeegemea ukuta. Ningeweza kunyamaza. Alikuwa mgeni, angerudi kwao siku moja, na mimi nilikuwa mtoto wa pale.

"Alisema," nikasema. "Alisema yote. Mimi ndiye sikumwambia Ata."

Nilingoja kofi. Mama alikuwa na mkono mwepesi, kila mtu alijua. Lakini aliketi tu kwenye benchi, akashika magoti yake. "Akai," akaniita kwa jina, "mimi nilikuwa nakuuliza kila jioni." Nilitamani anipige.

Yule daktari kijana akamwomba Daktari Lin radhi, kwa Kiingereza, halafu kwa Kiswahili. Aliomba daftari. Aliligeuza kurasa akiwa amesimama, akavuta kiti, akaketi. Mle mlikuwa na presha ya kila Jumapili, vidonge na vipimo vyake, vidole vilivyosogea na tarehe viliposogea. Niliwaona wawili hao wameinamia daftari moja, wakielekezana kwa kalamu, maana lugha haikuwatosha. Walikubaliana kwamba dawa zianze mara moja, na nilipowaeleza habari za nyuma ya ua, kwamba kile kidonge cha mkojo kibadilishwe. Presha ikitulia na hatari ikipita, Daktari Lin angekuja na sindano zake, na kila mmoja angeandika humo humo anachokifanya.

Kubadilisha kidonge kilikuwa kitu chepesi namna ile. Kabla ya siku ile hakuna aliyewahi kumwambia daktari kuhusu njia ya nyuma ya ua, kwa sababu aliyepaswa kueleza ni mimi.

Siku ya sita Ata alifungua macho akatujua. Mama alinisukuma mbele. "Mwambie mwenyewe." Nilimwambia, kwa Kiturkana, neno kwa neno, yale ya sindano ya mkono na dawa ya hospitali na kuanguka tena. Nililia hadi nikakosa pumzi. Ata hakuweza kusema. Alinitazama kwa muda, kisha akageuza uso ukutani, na mimi nikaamini kwamba ndivyo nitakavyotazamwa maisha yangu yote.

Maneno yalimrudia polepole, miezi mingi, tukiwa tumesharudi Kakuma. Yalikuja yamekatikakatika, kama mtu anayeokota kuni. Mchana mmoja, Daktari Lin akiwa ametoka nje kupanga sindano zake mkobani, Ata alinishika mkono kwa ule wa kulia, ambao sasa ulikuwa dhaifu kuliko mwanzo.

"Siku ile ya kikombe," akasema. "Yeye alisema hospitali. Mara mbili. Nilisikia. Kiswahili sijui, lakini hospitali naijua." Akapumzika. "Wewe hukuitaja. Nikaona hukuitaja. Nikanyamaza."

"Kwa nini, Ata?"

"Sikutaka kuisikia."

Aliishi miaka minne mingine. Alitembea na fimbo, alimeza vidonge vyake bila kuvipenda, na mara moja tulimpeleka Kaaleng akawaona mbuzi. Barabara ilikamilika, kambi ikavunjwa, na Daktari Lin akaenda ilikokwenda kazi. Siku ya kuagana alimsalimu Ata kwa Kiturkana safi, na hapakuwa na haja yangu.

Leo mimi ni mwalimu, na mara kwa mara wauguzi wa hapa hunituma niwatafsirie wafugaji wazee waliotoka mbali. Kila ninapofika kwenye sentensi ngumu huhisi ulimi ukitafuta njia fupi. Huisema yote.

Lakini lililonichukua miaka kulielewa si hilo. Mchana ule nilipokea maneno ya Ata kama mtoto anavyopokea sukari. Nilifurahi kwamba kosa halikuwa langu peke yangu, nikakimbia kucheza. Ni baadaye, nikiwa mtu mzima, Ata akiwa kaburini, ndipo nilipojiuliza kama kweli alilisikia neno lile, au alikaa miezi yote akiokota maneno moja moja ili aweze kubeba nusu ya mzigo wangu. Mama anasema Ata hakujua kudanganya. Mimi nakumbuka jinsi alivyotazama mlangoni jioni zile, na hapo namwamini. Siku nyingine namkumbuka alivyokuwa akinihurumia, na siamini. Alijua kwamba sitapata jibu, na nadhani alitaka iwe hivyo.