Siku Mto Tiva Ulipotukuta Katikati

Jirani yangu anajenga, na juzi lori lilimwaga mchanga wa mto mbele ya geti lake. Ulikuwa bado mbichi. Harufu yake iliponifikia jikoni nilijikuta nimeshika ukingo wa sinki kwa mikono miwili, mtu mzima wa miaka hamsini na kitu.

Nilikuwa na miaka tisa, na tuliishi Matinyani. Shangazi Kalunde, dada mdogo wa baba, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na alikuwa na baiskeli. Mwanamke kuendesha baiskeli miaka ile lilikuwa jambo la kuzungumziwa nje ya kanisa baada ya ibada. Kilichowashangaza watu zaidi ni kwamba alikuwa akienda mahali bila haja yoyote ya kumpeleka huko. Likizo ya Aprili alinipakia kwenye keria, tukaenda kupanda kilima ng'ambo ya mto Tiva. Njiani mzee mmoja alimuuliza tunaenda kufanya nini huko juu.

"Kuangalia," shangazi akajibu.

"Kuangalia nini?"

"Kwenu."

Tulipanda, tukala viazi vitamu vilivyopoa, tukaona mabati ya kanisa letu yakimeta mbali. Upande mto unakotoka, wingu jeusi lilikuwa limekaa juu ya vilima. Shangazi alilitazama kidogo, akasema turudi.

Tiva ulikuwa mkavu kama tulivyouacha asubuhi, mchanga mtupu, mpana kuliko uwanja wa mpira. Kwenye mchanga baiskeli haiendeshwi. Inasukumwa, nayo inazama. Tulikuwa katikati, mimi nikisukuma kwa nyuma, wakati mama mmoja aliyekuwa akichota maji kwenye kisima cha mchanga karibu na ukingo wa kwetu aliposimama ghafla. Aliwaswaga punda wake hadi juu ya ukingo, kisha akatuita.

"Mto unakuja. Ondokeni hapo."

Sikuona maji. Nilisikia mngurumo kama wa malori mengi, na mchanga ukatetemeka chini ya nyayo zangu. Kisha kwenye kona ukatokea ukuta wa rangi ya udongo, ukisukuma magogo mbele yake. Shangazi aliiachilia baiskeli bila kuitazama, akanishika mkono, tukakimbilia jiwe kubwa lililokuwa karibu. Alinirusha juu, naye akapanda. Maji yalifika kabla hajavuta mguu wa pili, yakamvua kiatu.

Alifungua leso aliyojifunga kiunoni, akaizungusha kwangu na kwake, akapiga mafundo mawili. Maji yakapanda. Yalifika kwenye nyayo zetu, halafu vifundoni. Mbuzi alipita, kichwa juu, akitutazama. Nilijikojolea, na wala sikuona haya.

"Shangazi, yatafika wapi?"

"Hapa hapa. Hayapiti hapa."

"Umejuaje?"

"Nimezaliwa hapa, Mueni."

Nikamwamini. Yule mama wa punda hakuondoka. Alisimama ukingoni akiniuliza mimi ni wa nani, mama yangu anaitwa nani, nasoma darasa la ngapi, na kila mara alinilazimisha nijibu kwa kelele kushinda mngurumo. Nilipokawia kujibu, aliuliza tena. Jua lilipoanza kushuka, maji nayo yalipungua, vijana wakaja na kamba wakatuvusha. Baiskeli ilipatikana siku ya tatu, imefukiwa mchangani, gurudumu moja limepinda.

Kwa miaka mingi nilisimulia kwamba shangazi alinifunga ili nisianguke. Mwaka jana nilimtembelea, sasa anatembea kwa mkongojo, nikamuuliza kama kweli maji hayapiti lile jiwe.

"Hupita," akasema. "Nilipokuwa msichana niliwahi kuliona limefunikwa lote."

Nikamuuliza kwa nini basi alijifunga na mimi, ilhali alijua kwamba ningeteleza ningemvuta.

Alinyoosha pindo la sketi yake kwenye magoti.

"Ningerudi kwa mama yako peke yangu, nimwambie nini?"

Siku zote nilikuwa nikidhani kwamba juu ya jiwe lile aliyeogopa ni mmoja tu.