Mama ya Mugonjwa

Pale mtaani kwetu Baraka, kila mwanamke huitwa kwa jina la mwanawe wa kwanza. Mama yangu peke yake aliitwa Mama ya Mugonjwa, na hakuna aliyeitika haraka kama yeye. Mugonjwa mwenyewe nilikuwa mimi.

Kila jioni alinipa kinini, vidonge vichungu vya malaria, halafu kipande cha muwa cha kuudanganya ulimi. Kisha alinishika paji la uso na kuuliza, "Masikio inalia?"

Yalikuwa yakilia, wiii, kutwa kucha.

"Basi dawa inatumika mwilini," alisema, na mkono ukakaa pale mpaka nikasinzia. Niliupenda mkono ule kupita kiasi. Sikuwa na kingine: shule nilikatazwa, ziwani nilikatazwa, na watoto wenzangu walifukuzwa mlangoni wasije wakaniletea maradhi.

Kwenye kituo cha afya, aliyesema ni yeye. "Usiku muzima alitapika, muganga." Sikutapika. Nilidhani labda nilitapika usingizini, maana mama hasemi uongo. Nikatundikiwa serumu, maji ya kuingia mshipani. Wanawake waliokuwa wakiuguza watoto wao walimletea uji, wakamwambia uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Akainamisha kichwa kama bibi harusi. Nikikumbuka kichwa kile, hasira hunipanda hadi leo.

Nilipokuwa ndiyo kwanza naota matiti, kulitokea msiba Kazimia, mama akapanda boti. Aliniacha kwa mdogo wake, mama mudogo wa kule Swima, mwanamke mwenye kelele na mikono ya kunuka samaki wa ndagala. Akamwachia na vidonge. Mama mudogo akanigusa shingo, akanitazama macho, akacheka.

"Mi siwezi kupa muntu muzima dawa. Kamata mwiko, tupike bugali."

Baada ya siku chache mlio masikioni ukapungua, halafu ukakoma. Niliogopa, nikadhani nakufa, kwa kuwa ukimya sikuwahi kuujua. Nikamwita mama mudogo, tukasikiliza pamoja mvumo uliobaki kwa mbali.

"Ile ni ziwa," akasema.

Nilizaliwa karibu na maji yale, na sikuwahi kuyasikia nikiwa kitandani.

Mama aliporudi alinikuta natwanga majani ya sombe. Jirani akamtania kwa furaha, "Mama ya Muzima, karibu!" Hakuitika. Alinijia moja kwa moja, akaniwekea mkono usoni.

"Iko moto sana."

"Iko baridi, yaya," mama mudogo akamwambia dada yake.

"Masikio inalia?"

Alinitazama kwa macho ya mtu anayeomba. Nilijua jibu analolitaka, na nilijua kwamba nikilitoa, kesho narudi kitandani.

"Hapana, mama. Imenyamaza."

Akauondoa mkono. Hakuurudisha tena. Hanichukii, tukikutana hunisalimu, huniuliza habari za kazi. Lakini sasa nakaa Nundu, peke yangu, na hajawahi kufika kwangu. Kwa mtu mzima aje kufanya nini?

Juzi nilishikwa na malaria ya kweli. Muganga akanipa kinini. Sikumpigia mama simu, ingawa niliishika simu hiyo muda mrefu. Nikalala, nikajiwekea mkono wangu mwenyewe usoni.

Masikio yalipoanza kulia, niligeukia mlango nikasema kwa sauti, "Inalia, mama."